Siuzi Njugu: Jinsi ya Kushika Stiki za Helikopta

Wasee wa Zombe wananijua kama yule kijana wa njugu. Sijawahi kuuza njugu maishani. Lakini ukinikuta asubuhi pale uwanjani, mkanda shingoni, trei kifuani, na ndani ya trei kuna rimoti ya helikopta, hata wewe utauliza pakiti ni pesa ngapi. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakasirika. Sai nawajibu tu: za leo zimeisha, kuja kesho.

Naandika hii kwa sababu kuna swali naulizwa hata kuliko lile la "hiyo kitu ilikugharimu ngapi". Swali ni hili: mbona unashika stiki hivyo? Kwenye video kila mtu anaweka vidole gumba juu ya stiki, kama mtu anacheza gemu ya mpira. Wewe unazibana na vidole viwili kama mama anatoa mawe kwa ndengu. Kwani kuna tofauti?

Iko. Na mimi niliijua vibaya, siku ambayo karibu niumize watoto. Nitafika hapo.

Kwanza tuelewane, siongei kuhusu droni. Ile droni ya kupiga picha za harusi, ukiachilia stiki inasimama hapo hapo hewani inakungoja. Ina GPS, ina vihisi, ina kompyuta ndogo inayoirekebisha kila wakati. Unaweza kujikuna. Unaweza hata kupokea simu, ingawa usifanye hivyo.

Helikopta yangu nayo ina kajairo ka kutuliza mkia na mwili, lakini haijui iko wapi. Ukiachilia stiki haisimami kukungoja. Inaendelea kwenda ilikokuwa inaenda, na kwa bahati yangu huwa ni kwenye mti wa miiba. Rimoti yangu ni ya modi ya 2. Stiki ya kushoto ukiipeleka juu, panga za helikopta zinabadilisha pembe, zinauma hewa zaidi, inapanda. Ukiipeleka kando, mkia unageuka. Stiki ya kulia ndiyo ya mbele, nyuma na pembeni. Kuna watu wanaotumia modi ya 1, ambayo kupanda na kushuka kuko mkono wa kulia, na Japan iliizoea sana hiyo. Lakini modi yoyote ile, hakuna mkono unaopumzika. Ukiona helikopta imetulia hewani kama picha, jua kuna vidole vinafanya kazi bila kukoma. Milimita moja huku, nusu milimita kule.

Ile helikopta ndogo ya NASA, Ingenuity, iliporuka kwenye sayari ya Mirihi tarehe 19 Aprili 2021, hakuna mtu aliyekuwa ameshika stiki. Ujumbe wa redio unachukua dakika kadhaa kufika huko, kwa hivyo ilibidi kompyuta ijishikie kila kitu. Hiyo ni Mirihi. Hapa Zombe, kati ya helikopta na ardhi kuna vidole vyako tu. Ndiyo maana swali la kushika si swali la stailo.

Kuna njia tatu watu wengi hutumia.

Ya kwanza ni gumba. Unakaza rimoti na vidole vinne kwa nyuma, gumba linakaa juu ya ncha ya stiki. Uzuri wake ni kwamba rimoti imeshikika vizuri bila trei wala mkanda, mkono unakimbia haraka, na vidole vya shahada viko huru kufika kwenye swichi za juu. Ubaya ni kwamba gumba halitembei kwa mstari ulionyooka. Jaribu sasa hivi: weka mkono kama umeshika simu, halafu peleka gumba juu kabisa polepole. Umeona? Linachora upinde. Kwa hivyo ukisukuma stiki ya kushoto juu, usipochunga inaenda pia kando kidogo, na helikopta inapanda huku inageuza mkia. Na gumba kazi yake hapo ni kusukuma. Ukitaka kurudisha stiki upande wako, unategemea meno madogo ya ile ncha na ngozi yako. Ngozi ikiwa na jasho, pole.

Ya pili ni kubana. Gumba upande mmja, kidole cha shahada upande wa pili, stiki iko katikati kama uzi. Unaihisi pande zote. Hata ikitoka katikati kidogo tu, vidole vinajua kabla macho hayajaona. Shida ni kwamba sasa vidole vilivyobaki kushikilia rimoti ni vichache, na rimoti ni nzito. Kifundo cha mkono kinauma. Ndiyo maana wanaobana hupenda mkanda au trei. Shida nyingine, na hii ni kubwa: vidole vya shahada vina kazi, kwa hivyo kufikia swichi ya kukata mota lazima uachilie kitu.

Ya tatu ni mchanganyiko. Gumba linakaa juu lakini kidole cha shahada kinaegemea stiki kutoka kwa upande. Watu wengi hufika hapo wenyewe bila kufundishwa.

Mimi nilianza na gumba kwa sababu moja tu, nilikuwa nimeona watu wakifanya hivyo. Nimekua na gemu, gumba langu limefunga mabao mengi. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikarudi nyumbani na laptopu, kamera na wazo kwamba nitatengeneza video ambazo hakuna mtu Kitui ametengeneza. Helikopta nilinunua mkononi mwa jamaa Nairobi aliyekuwa anauza vitu vyake. Sitataja bei kwa sababu mamangu anasoma hizi vitu zangu. Ni ile saizi ya 450: kila panga ina milimita 325, na rota inazunguka zaidi ya mara 2,500 kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe. Ncha ya panga inapita kilomita 300 kwa saa. Watu huiona ndogo wakaita toi. Si toi.

Wiki ya kwanza niliiangusha mara mbili. Ya pili ndiyo ilikuwa mbaya. Ilikuwa imenigeukia, pua inaniangalia, na hapo kila kitu kinakuwa kinyume: kushoto kwake ni kulia kwako. Nikaogopa. Mtu akiogopa na gumba, anakandamiza. Nilikandamiza mpaka nikasikia kona ya rimoti. Helikopta ikajilaza ubavu ikapiga mchanga, panga zikapasuka, shafti ikapinda. Nilingoja vipuri wiki tano.

Katika hizo wiki tano nilikuwa nafanya mazoezi na simuleta kwenye laptopu, nimeunganisha rimoti na waya, nimekaa nje chini ya mti na Susu. Susu ni nyanya yangu. Ananiita mume wake kwa sababu nimebeba jina la babu. Yeye alikuwa anasuka kiondo, mimi naangusha helikopta za bandia. Baada ya siku kadhaa akaniuliza kwa Kikamba, bila hata kuinua macho, "Mume wangu, hako kajiti mbona unakafinya? Si ukashike?"

Nilicheka. Nikamweleza kwamba Susu, hii ni teknolojia. Akasema sawa. Lakini usiku swali lilikataa kutoka. Nilianza kuangalia mikono yake. Mtu anayesuka hashiki uzi kwa ngumi wala hausukumi na gumba. Uzi unapita kati ya gumba na kidole cha shahada, na hapo ndipo anapojua kama umekaza sana au umelegea, huku anaongea na jirani na macho yako barabarani. Kiondo kizima kinategemea hapo vidole viwili vinapokutana. Fundi wa vinyago kule Wamunyu akimalizia jicho la twiga, naye kisu hakisukumi ovyo. Sisi Wakamba tumeishi kwa vidole hivyo viwili miaka na miaka, halafu mimi nimekuja na mazoea ya gemu.

Kwa hivyo nikajaribu kubana. Na hapa nataka kusema ukweli ambao watu wa video huruka: nilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Wiki nzima ya kwanza sikuweza hata kuisimamisha hewani kwenye simuleta kwa sekunde kumi. Kifundo kiliuma. Vidole vilikaza. Kuna vitu vitatu vilinisaidia.

Kwanza, nilirefusha stiki. Rimoti nyingi zina ncha inayofunguka kama skrubu. Ukiizungusha stiki inarefuka, kisha unakaza kijipete cha chini isilegee. Stiki ndefu inakupa nafasi ya kusogeza vidole zaidi kwa mabadiliko madogo. Mtu wa gumba anataka fupi, mtu wa kubana anataka ndefu. Ukibadilisha mshiko bila kubadilisha urefu utasema mshiko ndio mbaya.

Pili, spring. Ndani ya rimoti kuna skrubu za kukaza au kulegeza spring ya stiki. Zangu zilikuwa zimelegea, nikakaza kidogo ndiyo vidole vihisi katikati ni wapi. Na ile stiki ya kushoto, kama inapanda ikitoa mlio wa tik-tik-tik, toa hiyo tik-tik. Ni ya ndege za kawaida. Helikopta inataka stiki inayoteleza laini. Kama hujawahi kufungua rimoti, tafuta mtu wa kurekebisha simu akusaidie, na utoe betri kwanza.

Tatu, trei. Fundi wa mbao sokoni alinikatia plaiwudi, na mkanda nikatoa kwa kiondo cha zamani cha Susu. Trei ikabeba uzito, mikono ikabaki na kazi ya vidole tu. Wiki ya tatu nikasimamisha helikopta kwenye simuleta dakika mbili bila kutoka kwenye kiboksi. Wiki ya sita nikaifanya uwanjani, helikopta ya ukweli, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla upepo haujaamka. Susu alikuja kuangalia. Alisema tu, "Kwata nesa." Shika vizuri. Nikashika.

Sasa, siku ya watoto.

Kuna marafiki walitoka Kitui mjini kuja kunitembelea, na tulikuwa tunataka kurekodi video. Mmoja aliponiona na trei akaanguka kicheko. Ndipo hiyo ya njugu ilizaliwa. "Buda, leta za ishirini." Wote wakacheka, mimi pia nikacheka, lakini moyoni nikaona ile picha: mimi kwenye video, na mkanda wa kiondo shingoni, kama wale jamaa wanaopita madirisha ya basi na mayai. Nikavua trei nikaiweka chini. Nikashika rimoti kama wale wa video. Gumba juu.

Stiki zilikuwa bado ndefu. Sikufikiria hilo. Ilikuwa karibu saa nne, jua limeshika, mikono ina jasho na vumbi. Niliipandisha, ikakaa vizuri kama dakika moja, marafiki wanapiga kelele. Watoto wa majirani wakasikia wakakimbia kuja, binamu yangu wa miaka tisa akiwa mbele. Nikawaona kwa pembeni. Nikataka kuisogeza mbali nao. Gumba la kulia likateleza.

Si kwamba liliteleza sana. Ni kidogo tu. Lakini stiki ikaruka ikarudi katikati wakati nilikuwa naihitaji pembeni, na helikopta ikaendelea kuelekea kwa watoto. Nilikata mota. Hilo ndilo jambo moja nililofanya vizuri siku hiyo, na lazima niseme ukweli, niliweza kwa haraka kwa sababu nilikuwa na gumba na kidole cha shahada kilikuwa huru. Ilianguka hatua kama kumi kutoka kwa binamu yangu. Panga moja ilitoka ikapita. Sikuona ilipitia wapi. Tuliipata baadaye nyuma yao.

Nyuma yao. Nimeandika hilo sentensi nikalifuta mara tatu.

Binamu yangu alifurahi. Alidhani ni sehemu ya onyesho. Alipiga makofi. Mimi nilikaa chini kwenye mchanga na marafiki wakaacha kucheka, na ile video tuliyorekodi sijawahi kuiweka popote.

Najua mtu atasema hapa tatizo halikuwa gumba. Tatizo ni watoto kukaribia. Nakubali kabisa. Hiyo ndiyo kosa la kwanza na ni langu. Siku hizi nina kamba, nina mtu mkubwa wa kuangalia watoto, na mtu yeyote akivuka ile kamba nashusha kwanza, maswali baadaye. Na kabla hujanunua chochote cha kuruka, ujue Kenya ina kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani tangu 2020. Uliza KCAA kwanza, usiulize mimi.

Lakini kosa la pili nalo ni langu, na ndilo limenifanya niandike. Mimi nilikuwa najua mkono wangu unavyofanya kazi. Nilikuwa nimetumia wiki sita kuujua. Halafu kwa sababu ya mzaha wa njugu nikaacha kile ninachojua nikafanya kile kinachoonekana vizuri kwa kamera, na stiki hata hazikuwa zimepimwa kwa mshiko huo. Aibu ndiyo ilishika rimoti siku hiyo.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na unaweza kuyakataa. Hakuna mshiko wa mabingwa na mshiko wa wazee. Kuna watu wanaruka maajabu na gumba, kuna watu wanaruka maajabu wakibana. Kama unaanza, nenda kwa simuleta, na kila mshiko uupe angalau wiki mbili, ukirekebisha urefu wa stiki kila unapobadilisha. Usipime kwa kuangalia ni upi unahisi poa siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza gumba litashinda, limezoea simu. Pima na kitu kimoja: helikopta ikiwa imekugeuzia pua na umeogopa, mkono unafanya nini? Ukikandamiza, huo si wako bado.

Ukichagua kubana, fanya mazoezi ya kukata mota mpaka uifanye usingizini. Washa rimoti bila helikopta, kaa kitandani, bana, kata, bana, kata. Mara mia. Ukichagua gumba, beba kitambaa cha kupangusa jasho na uweke stiki fupi. Na chochote ulichochagua, usikibadilishe uwanjani kwa sababu kuna mtu anakucheka. Badilisha nyumbani, kwa simuleta, ambapo ikianguka inabonyezwa kitufe inarudi.

Binamu yangu sasa anafanya mazoezi na laptopu yangu kila Jumamosi. Nilimwonyesha kubana, akajaribu siku mbili akakataa. Mikono yake ni midogo, rimoti inamzidi, vidole vyake havifiki vizuri. Ameweka gumba juu, kidole cha shahada kinaegemea kando, na wiki iliyopita aliigeuza pua ikimwangalia akaisimamisha dakika tatu. Mimi hiyo ilinichukua miezi.

Sijamrekebisha. Lakini ameanza kuomba trei. Anasema anataka kuuza njugu.